Watoto wa Wenyeji wa Kanada hawachukuliwi kwa kuwa hawapendwi

Hapa Winnipeg, jimbo la Manitoba, kazi yangu ni ustawi wa jamii, na familia nyingi ninazohudumia zimetoka Kongo, Burundi na Tanzania. Kuna sentensi nimechoka kuisikia kwao: "Wenyeji wa nchi hii wananyang'anywa watoto kwa sababu ni walevi, hawajali." Inaniuma zaidi kwa kuwa wanaoisema ni watu ambao babu zao walitawaliwa na Wabelgiji na Waingereza. Nitaijibu hapa, pamoja na nyingine zinazofuatana nayo.

"Hawajali watoto wao."

Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa watoto wa Wenyeji ni asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya wale wanaolelewa kwa muda na familia zisizo zao. Kwetu Manitoba ni karibu 9 kati ya kila 10 walio mikononi mwa serikali. Mtu akiona hivyo anafikiria kipigo. Hapana. Kinachotajwa zaidi kwenye mafaili ya watoto wa Mataifa ya Kwanza, kundi kubwa zaidi la Wenyeji, ni kutotunzwa, na ukichimba hapo unakuta nini? Nyumba imebanana, ukuta una ukungu, friji tupu, mama hana wa kumwachia mtoto. Huo ni umaskini, na hawakujiletea wenyewe. Kijiji cha Wenyeji cha Neskantaga, jimbo la Ontario, kimeambiwa kichemshe maji ya kunywa tangu 1995. Afisa wa ustawi wa watoto anaingia nyumba ya namna hiyo, anaandika kwamba mzazi ameshindwa. Aliyeshindwa ni mzazi kweli?

Tena serikali kuu ilikuwa ikilipa ili watoto waondolewe. Kwenye maeneo yaliyotengewa Mataifa ya Kwanza, mtoto akishatolewa kwao, gharama zake zililipwa zote. Pesa za kuisaidia familia kabla mambo hayajaharibika zilikuwa chache, tena zina kikomo. Maana yake, mgeni alilipwa kumlisha mtoto ambaye mama yake alinyimwa cha kumlisha. Cindy Blackstock, mtetezi wa watoto wa Mataifa ya Kwanza, na wenzake walilishtaki jambo hili 2007, na Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada likaamua kuwa ni ubaguzi. Fidia iliyoidhinishwa mahakamani 2023 ni zaidi ya dola bilioni 23 za Kanada. Serikali hailipi kiasi hicho kwa sababu ya ulevi wa wazazi.

Ulevi upo, sitauficha. Upo pia kwa matajiri, na wao wana pesa za kulipia yaya na matibabu.

"Ukoloni ulikwisha zamani."

Shule za bweni zilizowatenga watoto zaidi ya 150,000 na wazazi wao, wakikatazwa lugha zao, ziliendelea hadi miaka ya 1990. Mwaka 1951 sheria ilibadilishwa, maafisa wa majimbo wakapata nguvu ndani ya maeneo ya Wenyeji, na hadi miaka ya 1980 maelfu ya watoto waligawiwa familia za kizungu, wengine wakapelekwa Marekani. Bibi aliyelelewa na watawa bwenini hakumwona mama yake akilea. Tunamlaumu binti yake kwa lipi?

"Wanapewa kila kitu bure."

Jordan River Anderson, mtoto wa Wenyeji wa Norway House hapa Manitoba, alikuwa na miaka miwili madaktari waliporuhusu atoke hospitalini. Serikali kuu na ya jimbo zikabishana nani alipie huduma zake za nyumbani. Akafariki 2005, ana miaka mitano, hajawahi kuishi nyumbani kwao.

"Sheria inaruhusu kumchukua mtoto wa maskini."

Tangu Januari 2020, sheria ya shirikisho inakataza kumwondoa mtoto wa Wenyeji kwa sababu tu ya umaskini au nyumba mbovu, na ikibidi aondolewe, jamaa zake ndio wa kufikiriwa kwanza baada ya wazazi.

Sheria hiyo ni ya Wenyeji, lakini ushauri wangu ni kwa kila mzazi, na sitachoka kuurudia: afisa akibisha hodi, muulize kitu gani hasa kinakosekana, aandike, na omba kiletwe nyumbani kabla mtoto hajaguswa. Halafu mtajie siku hiyo hiyo shangazi, bibi, mjomba, na namba zao za simu.