Pambano la vioja si pambano la kupanga

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana ninayemfundisha judo kanionyesha video kwenye simu: mtu mfupi aliyevaa chupi nyekundu ameng'ang'ania mguu wa jamaa mrefu kupita mlango, jamaa anagonga sakafu kusalimu amri, na chini ya video watu wamejazana wakiandika neno lile lile, maigizo. Kijana naye akamalizia: "Mwalimu, si mieleka hii?" Hapana, si mieleka, yaani lile onyesho la kuigiza ambalo mshindi hupangwa mapema. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Yule mfupi ni Ikuhisa Minowa. Mrefu ni Hong Man Choi, Mkorea wa mita 2.18. Walikutana Yokohama tarehe 6 Oktoba 2009, kwenye nusu fainali ya mashindano yaliyoitwa Super Hulk ya DREAM, kampuni ya Kijapani ya mapambano mchanganyiko (ngumi, mateke, kuangushana na kabali), na Minowa alishinda kwa kumsokota kisigino. Ukitaka kuliita pambano la vioja, liite, hata mimi naliita hivyo. Lakini kioja kilikuwa kwenye jozi. Matokeo yalipatikana ulingoni.

Hapo ndipo watu wanapoteleza kila siku. Wanaona wapinzani wasiolingana, wanaona fataki na muziki, wanaona promota anayecheka hadi masikioni, basi wanahitimisha kwamba mshindi naye alishachaguliwa. Promota anapomweka mtu wa kilo 80 na kitu mbele ya mtu wa kilo 160, ameshafanya kazi yake yote kabla ya kengele. Jozi peke yake imeshauza tiketi, hana haja ya kununua mshindi. Anayehitaji kupanga matokeo ni yule mwenye nyota anayepaswa kulindwa, na mara nyingi nyota huyo hupewa mpinzani wa kawaida kabisa, wa uzito ule ule, ambaye hakuna anayemshangaa. Ukitafuta harufu ya mpango, itafute huko kwanza.

Sisemi shaka hii imetokea hewani. Mapambano ya Japani yalizaliwa tumboni mwa mieleka ya kuigiza, na alama za kuzaliwa hazijafutika. Antonio Inoki, mwanamieleka, mwaka 1976 alianza kupambana na watu wa mitindo mingine. Lile la Willem Ruska, bingwa wa judo wa Olimpiki ya 1972, lilikuwa mieleka. Lile la Muhammad Ali, tarehe 26 Juni mwaka huo huo pale Nippon Budokan, halikuwa. Raundi 15, Inoki kalala chali akimchapa Ali mateke ya miguu, Ali anazunguka hana wa kumpiga, mwisho sare na watu wamekasirika. Ali aliondoka na miguu iliyovimba yenye damu iliyoganda. Sasa niambie, ni mtunzi gani wa maigizo angewaandikia watazamaji wake raundi 15 za mtu kulala chali? Maigizo hupendeza macho. Pambano la kweli mara nyingi linachosha na linaisha vibaya, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza.

Kipimo hicho kilifanya kazi hata siku ya kwanza ya Pancrase, kampuni ya mapambano ya Japani, tarehe 21 Septemba 1993, kiasi cha miezi miwili kabla ya onyesho la kwanza la UFC, kampuni ya Marekani ya mapambano mchanganyiko, kule Denver. Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki walikuwa wanamieleka waliotaka kupigana kweli. Mapambano matano ya usiku ule yalikwisha kwa jumla ya dakika 13 na sekunde chache, na Funaki mwenyewe, mwenye nyumba, alipigwa na Mmarekani Ken Shamrock. Mtu anayepanga matokeo hamalizi onyesho lake la kwanza kabla watu hawajakaa vizuri.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hapa hata watu wanaofanya mazoezi wanadanganyika: sheria. Wanatazama video ya zamani, wanaona jambo ambalo UFC hawalifanyi, wanasema umeona, ni mchezo. Kwenye Pancrase ya mwanzo ukiwekewa kabali ukaishika kamba, refa anawaachanisha na unakatwa pointi. Ni kanuni iliyotoka kwenye mieleka, ndiyo, lakini kabali ilikuwa kabali na aliyechelewa kuifikia kamba alizimia. Ngumi iliyofungwa ilikatazwa kichwani, kwa hiyo walipigana kwa viganja, na mtazamaji wa leo anaona makofi na kucheka. Kofi la kiganja lililorushwa kutoka begani linamwangusha mtu sawasawa na ngumi, na halimvunji mkono aliyelirusha. Shooto, ligi nyingine ya Japani ambayo Satoru Sayama aliianzisha katikati ya miaka ya 1980, kwa miaka mingi ilimhesabia aliyeangushwa kama kwenye ndondi, moja hadi kumi, kisha akaendelea. PRIDE, kampuni nyingine kubwa ya Japani, nao walitumia ulingo wa kamba badala ya uzio wa wavu kama wa UFC. Wapiganaji wakiviringika hadi ukingoni, refa anawapigia kelele wasisogee, anawakokota hadi katikati, anawalaza vile vile walivyokuwa, mkono pale pale, mguu pale pale, na kuwaambia endeleeni. Hili limewafanya watu wengi sana kuniambia "ona, wanapangwa mbele ya macho yetu". Refa anahifadhi hali aliyoipata mtu kwa jasho. Kama angewasimamisha wima, angemnyang'anya aliyekuwa juu kazi ya dakika tatu. Mimi naiona ni kanuni ya haki kuliko ile ya mtu kuegemea wavu akipumzika.

Ukiwa bado hujaamini, kaa na pambano moja tu, Bob Sapp na Antonio Rodrigo Nogueira, Uwanja wa Taifa wa Tokyo, tarehe 28 Agosti 2002. Usitazame kipande chake, litazame lote. Nogueira alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa PRIDE. Sapp alitoka kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, alikuwa mgeni kabisa kwenye mchezo huu, na alikuwa na zaidi ya kilo 150 za misuli. Mwanzoni kabisa Nogueira anaingia kuchukua miguu. Sapp anamkumbatia kiunoni kutoka juu, anamnyanyua miguu ikielekea mbinguni, anamshindilia kichwa sakafuni. Kocha yeyote anayeona shingo ile inavyokunjana anajua hakuna pesa ya kumfanya mtu akubali kuangushwa hivyo kwa makubaliano. Nogueira anaangukia kwenye gadi, yaani chali na miguu imemzunguka Sapp, na kuanza kula ngumi. Anajaribu kufunga pembetatu ya miguu na miguu haifungi, kwa sababu hakuna nafasi ya kuzungusha mapaja kwenye shingo na bega la mtu yule. Akikaribia kufanikiwa, ananyanyuliwa na kubamizwa tena.

Acha kuitazama mikono ya Sapp, utazame mdomo wake. Raundi ya kwanza ya PRIDE ilikuwa dakika 10 nzima. Kadiri inavyokwenda mdomo unafunguka, mabega yanashuka, ngumi zinatoka moja moja. Misuli ile yote inadai hewa na hewa haipo. Raundi ya pili Nogueira, uso umevimba, anampindua, anakaa juu, anauchukua mkono na kuulaza kwa jujigatame, kufuli la kunyoosha kiwiko. Sapp anagonga. Hakuna sehemu ya pambano lile niliyowahi kuitilia shaka, na naamini kabisa kwamba lingekuwa la raundi za dakika tano tano zenye mapumziko, bingwa angepoteza.

Na hapo nawageukia ndugu zangu makocha, maana na wao wana lao. Wameibeba video hiyo hiyo, wameibandika kwenye kurasa za klabu zao na maneno kwamba mbinu hushinda nguvu siku zote. Siku zote? Mwaka ule ule wa 2002 Sapp alikutana mara mbili na Ernesto Hoost kwenye K-1 (mashindano ya Kijapani ya ngumi na mateke), bingwa aliyekuwa na mataji matatu, fundi wa mateke kuliko karibu wote waliowahi kupanda ulingo ule, na Sapp alimshinda mara zote mbili. Alimbana kwenye kona akampiga kama anayetwanga mahindi. Ufundi wa Hoost ulikuwepo wote, ila ulikosa nafasi ya kusimama. Ukimwambia mwanafunzi mwenye kilo 60 kwamba mbinu inatosha, unampeleka kuumia. Uzito ni silaha, ndiyo maana tukaweka madaraja ya uzito, na mapambano ya vioja ndiyo pekee yanayotuonyesha silaha hiyo ina thamani gani hasa.

Thamani yake inategemea mahali. Tazama watu wadogo wanaoshinda majitu wanashinda kwa nini. Minowa na Choi, kisigino. Minowa na Sapp mwezi Mei 2009, mguu tena. Genki Sudo na Butterbean, bondia mnene kupindukia, tarehe 31 Desemba 2003, kisigino. Shingo nene huwezi kuizungushia mikono, na ukienda mgongoni kwa mtu wa kilo 160 akajiangusha nyuma, umekwisha. Lakini goti na kifundo cha mguu cha jitu hakina nguvu mara mbili kwa sababu mwenyewe ana uzito mara mbili. Zaidi, ukiwa umejikunja kwenye mguu wake uko mbali na ngumi zake. Hatari ni moja, akikuangukia kabla hujafunga. Fedor Emelianenko, bora wa wakati wake, tarehe 31 Desemba 2007 pale Saitama alijaribu kumwangusha Choi huyu huyu, Choi akamlalia na kumtwanga usoni. Fedor alijaribu mkono akaukosa, akarudia, akaupata. Chini ya dakika mbili, ila uso wake haukuwa uso wa mtu aliyecheza.

Kwa nini tarehe hiyo ya 31 Desemba inarudi rudi? Televisheni. Usiku wa kuamkia mwaka mpya familia za Japani hukaa pamoja kutazama kipindi kikubwa cha nyimbo cha NHK, na vituo vingine vilitafuta cha kuwapora watazamaji. Bibi asiyejua jujigatame anaelewa mara moja mkubwa na mdogo. Mwaka 2003 vituo vitatu vilirusha maonyesho matatu ya ngumi usiku mmoja, na Sapp alipomwangusha Akebono, yokozuna (bingwa wa daraja la juu kabisa la sumo) wa kwanza mzaliwa wa nje ya Japani, kwa dakika chache NHK walizidiwa watazamaji. Mwaka uliofuata wakampandisha Bobby Ologun, Mnigeria aliyejulikana Japani kwa vichekesho vya televisheni, akamshinda kwa pointi Mfaransa Cyril Abidi ambaye kupigana ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu walidhani wameletewa kichekesho.

Nina mashaka yangu pia, na sitayaficha. Pambano la Nobuhiko Takada, nyota wa mieleka ya Japani, na Mmarekani Mark Coleman mwaka 1999, PRIDE 5, watazamaji wengi hatuliamini, mimi nikiwemo. Coleman anasalimu amri kwa kisigino bila mwili wake kupigania kutoka. Alipoulizwa miaka ya baadaye alisema alikuwa na familia ya kulisha na alihakikishiwa pambano jingine, akaishia hapo. Angalia sasa: watu wawili wanaokaribiana uzito, hakuna kioja chochote. Sapp wa miaka ya mwisho, aliyepoteza mfululizo na kugonga mapema, ananisumbua kwa namna nyingine. Sidhani alipangiwa. Alikuja bila nia ya kuumia, na hilo nalo linamwibia mtazamaji, ingawa baada ya Mirko Cro Cop kumvunja mfupa wa jicho mwaka 2003 siwezi kumlaumu kwa moyo wote.

Kinachonikosesha raha zaidi ni Akebono. Mtu aliyestaafu sumo mwaka 2001 kwa magoti mabovu, aliyefundishwa tangu ujana kwamba kugusa chini kwa mkono ni kushindwa, anapelekwa mwaka 2004 kupambana chini na Royce Gracie, fundi wa jujitsu ya Kibrazili. Alikwisha kwa dakika mbili na kidogo, bega limefungwa. Lilikuwa pambano la kweli, na bado sijui kama lilistahili kufanyika. Kila nikimtetea Minowa mbele ya wanafunzi, najua kwamba yule yule promota aliyempa Minowa nafasi yake ndiye aina ya mtu aliyemtumia Akebono.

Anayetaka kuanza kutazama asianze na Sapp na Akebono. Aanze na Sapp na Nogueira, kisha Minowa na Choi, kisha ahamie kwenye Shooto na DEEP (kampuni nyingine ya Japani) za ukumbi wa Korakuen wa Tokyo, watu wadogo wa kilo 56 au 60 wasiojulikana hata jina. Rumina Sato kwenye Shooto ya Januari 1999 alimrukia mpinzani na kumfunga mkono kwa sekunde 6. Ukiitazama hiyo, punguza kasi ya video na uangalie nyonga yake, si mikono.