Mota kubwa, mkia mzito: kuibadilisha roketi ya ngazi mbili

Vijana wanaojifunza roketi za mfano hapa Mbeya hufika karakana yetu na swali lilelile: "Mwalimu, tukiitoa mota ya C tukaweka ya D, itapaa mara mbili?" Huwa nawajibu kwamba kwanza tuutazame mkia. Roketi yenyewe ni ya ngazi mbili: vipande viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mota yake; cha chini kikiisha moto kinadondoka, cha juu kinaendelea.

Herufi kwenye mota huonyesha jumla ya msukumo. C huishia nyutoni-sekunde 10, D huishia 20. Namba inayofuata ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya parachuti kusukumwa nje. Basi D12-7 ina wastani wa nyutoni 12 na husubiri sekunde 7. Kipenyo nacho hubadilika, kutoka milimita 18 hadi 24, hivyo kishikio cha ndani lazima kitengenezwe upya. Hiyo ni kazi ya gundi na karatasi ngumu, inaisha kwa jioni moja.

Shida iko kwenye mizani. Chukua roketi ya sentimita 60, bomba la milimita 34, uzito wa gramu 90 bila mota. Mota ya C ina takriban gramu 24, ya D inakaribia 43. Ukizibadilisha zote mbili, umeongeza karibu gramu 40, na zote zimekaa nyuma. Kwa hesabu yangu kitovu cha uzito, yaani pale roketi inapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole, kinarudi nyuma karibu sentimita 3. Kanuni tunayofuata ni kwamba kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha mkandamizo wa hewa (pale nguvu ya hewa inayoisukuma roketi ubavuni inapokusanyikia) kwa angalau upana mmoja wa bomba. Sentimita hizo 3 zinakaribia kuula upana huo wote.

Roketi ya namna hiyo haipai, inazunguka. Yetu moja ilipinda ikiwa juu kidogo tu ya miti, ikajichomeka kwenye shamba la viazi. Mama mwenye shamba alinitazama akasema, "Mwalimu, chombo chako kimenichimbia viazi kabla havijakomaa." Nililipa.

Dawa ni mbili: kupanua mapezi ya ngazi ya chini, au kuongeza uzito puani. Kwa mfano wetu, kama gramu 14 za risasi za ndoano za samaki zilizogandishwa kwa gundi puani zinatosha kukirudisha kitovu mahali pake. Jumla inakuwa kama gramu 190, yaani karibu nyutoni 1.9 za uzito, na nyutoni 12 bado ni zaidi ya mara 6 ya uzito huo. Sisi hatukubali chini ya mara 5. Kisha pima tena ngazi ya juu ikiwa peke yake, maana nayo itaruka bila mapezi ya mwenzake. Wengi hulisahau hilo.

Mota ya chini lazima iishie na sifuri: D12-0. Haina kichelewesho, baruti ikiisha moto unapenya moja kwa moja kwenye tundu la mota ya juu na kuiwasha. Ukikosea ukaweka D12-7 chini, ya juu itawaka roketi ikiwa tayari imeelekeza pua ardhini. Soma maandishi kwa sauti, mwenzako naye asome. Na tafadhali, mota ni za kiwandani. Hakuna anayejitengenezea baruti nyumbani. Kuziingiza na kuzihifadhi kunahitaji kibali, na anga lina wenyewe, hasa ukiwa upande wa uwanja wa ndege wa Songwe.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Roketi inapanda zaidi, parachuti inashuka haraka kidogo, na upepo wa Julai huipeleka mbali. Ngazi ya chini inadondoka na ganda la moto, kwa hiyo nyasi kavu za kiangazi tunazikimbia. Tunarushia kwenye shamba lililolimwa.

Kabla ya kwenda huko, funga kamba ya mita 3 kwenye kitovu cha uzito, mota zikiwa ndani bila viwashio, uizungushe roketi juu ya kichwa; pua ndiyo inapaswa kutangulia. Juzi binti mmoja aliizungusha, mkia ukatangulia. Akaongeza risasi, mkia tena. Mara ya tatu pua ikageuka taratibu, ikatangulia, ikabaki hapo.