Usiniulize transfoma ni ya wati ngapi

Kijana mmoja aliniletea transfoma aliyoichomoa kwenye redio ya valvu (zile taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista) ya babu yake. Anatengeneza amplifaya ya gitaa ya valvu moja, 6V6, na alitaka kujua jambo moja tu: "Fundi, hii ni ya wati ngapi?" Swali hilo naulizwa karibu kila mara, na kila mara najibu kwa swali: utaifungia spika ya omu ngapi?

Transfoma inayokaa kati ya valvu na spika haina impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti, unaopimwa kwa omu) yake yenyewe. Ukiweka mita kwenye koili ya upande wa valvu utasoma omu mia chache, lakini hizo ni za waya wa shaba tu. Mzigo unaoikabili valvu ni ile spika, ila transfoma imeukuza, na inaukuza kwa mraba wa uwiano wa mizunguko. Mizunguko 10 kwa 1 inakuza omu mara 100.

Tuliipima pale pale mezani, ikiwa haijaungwa na kitu chochote. Nikaipa volti 12 za AC upande wa valvu. Upande wa spika mita ikasoma 0.3. Uwiano ni 40 kwa 1, na mraba wa 40 ni 1,600. (Tafadhali usipime kinyume. Volti 12 zikiingia upande wa spika wa transfoma hii, upande wa pili zinatoka volti 480, na vidole vyako viko hapo.)

Redio nyingi za zamani zilikuwa na spika za omu 3 hivi. Zidisha kwa 1,600 unapata 4,800, na jedwali la 6V6 linataka omu 5,000 valvu ikiwa kwenye volti 250, ambapo inatoa wati 4.5. Aliyeisuka transfoma ile alijua anachofanya. Lakini kijana alikuwa na spika ya gitaa ya omu 8, na hapo hesabu inapanda hadi 12,800. Kwa mzigo mkubwa hivyo nguvu inashuka, sauti inaanza kukwaruza mapema, na gridi ya pili ya valvu (wavu wa waya ulio ndani yake) inabeba mkondo usio wake.

Kisha niliangalia chuma. Valvu ikiwa moja, umeme wote wa DC, miliampia 40 hadi 50 kwa 6V6, unapita kwenye koili kwa upande mmoja bila kupumzika. Chuma kinashiba sumaku, na kikishashiba hakina nafasi ya kubeba sauti nzito. Ndiyo maana transfoma ya valvu moja huachiwa mwanya: vipande vyote vyenye umbo la E vinapangwa upande mmoja, vya umbo la I upande wa pili, na katikati inawekwa karatasi. Valvu mbili zinazopokezana hazihitaji mwanya, kwa sababu DC ya moja inaifuta ya mwenzake, na vipande vyake hupangwa kwa kupishana. Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu moja niliifunga transfoma ya valvu mbili kwa sababu tu uwiano ulikuwa sahihi. Nyuzi nyembamba ziliimba vizuri. Uzi wa sita ulikuwa kama umefunikwa blanketi, na nilibadilisha kapasita karibu zote kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye chuma.

Mwanya nao una gharama: unapunguza henri, yaani uwezo wa koili kushikilia sauti nzito. Uzi wa sita wa gitaa ni hezi 82, na kwa mzigo wa omu 5,000 unahitaji kama henri 10 ili sauti hiyo isipotee. Gitaa la besi linashuka hadi 41, henri zinazotakiwa ni mara mbili, kwa hiyo transfoma ya redio usiipeleke huko. Kwa solo na rithim, chuma kidogo si aibu hata kidogo. Fender Champ, amplifaya ndogo ya gitaa, ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na 6V6 moja, wati kama 5, spika ya inchi 8 na transfoma ndogo sana, na sauti yake bado inatafutwa mpaka leo.

Kama huna redio ya babu, zipo transfoma za laini ya volti 100, zile za honi za misikitini na makanisani. Yenye miguu (sehemu za kuunga waya kwenye koili) ya wati 10, 5, 2.5 na 1.25 ni hazina. Volti 100 kwa wati 1.25 (100 mara 100, gawa kwa 1.25) ni omu 8,000, ambazo 6V6 mbili zinazitaka hasa. Wati 5 ni omu 2,000, yaani robo, na robo ya omu ni nusu ya mizunguko. Kumbe mguu wa wati 5 ndio katikati kamili! Volti kubwa ingiza hapo, anodi (mguu wa valvu unaotoa sauti) moja iende kwenye mguu wa pamoja, nyingine kwenye 1.25. Ila koili hizi zilisukwa kwa volti 100: mimi sizipandishi juu ya 250, na kabla ya yote naipima insulesheni kwa mega, mita inayopima kwa volti kubwa. Kwa valvu moja ziache, hazina mwanya.

Transfoma ya kijana ilikuwa na mwanya. Karatasi ilionekana ukingoni. Tulitafuta spika ya pili ya omu 8, tukaziunga sambamba, zikawa omu 4. Mara 1,600 ni 6,400, na 6V6 inaufurahia mzigo huo. Nilimsisitizia asiwashe kamwe amplifaya wakati spika hazijaungwa, maana volti hupanda mpaka cheche zinaruka kwenye soketi ya valvu. Kisha akachomeka gitaa, akaanza na uzi wa sita.