Ukigawa kwa watoto tisa

Kazi yangu ni kuchambua bajeti za shule za umma Marekani, na msimu uliopita nilikaa na mkuu wa wilaya moja ndogo ya shule, yaani eneo lenye bodi na bajeti yake ya kuendesha shule, mashambani kabisa. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilionyesha kwamba ufaulu wa hisabati darasa la nne umeshuka kutoka asilimia 67 hadi 44 kwa mwaka mmoja. Ya pili ilionyesha kuwa wilaya hiyo inatumia fedha nyingi kwa kila mwanafunzi kuliko wastani wa jimbo. Mtu akiziweka pamoja, hukumu inajiandika: wanakula fedha na hawafundishi.

Nikamuuliza darasa la nne lina watoto wangapi. Tisa. Na la mwaka juzi? Tisa vilevile. Kwa hiyo mwaka juzi walifaulu sita, mwaka jana wanne. Anguko lote lile ni watoto wawili. Tena hata si watoto walewale, maana waliofanya mtihani mwaka juzi walikuwa wameshapanda darasa la tano.

Tulifundishwa shuleni kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Asili ikiwa ndogo, kiasi kikitikisika kidogo tu jibu linaruka. Karatasi zote mbili zina ugonjwa huo mmoja, na sioni namna ya kuielewa shule ndogo ya kijijini bila kuanzia hapo.

Tuanze na matokeo. Sheria ya elimu ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2002 ililazimisha kupima kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Sheria ya 2015 iliyoirithi iliacha mitihani hiyo ibaki. Majimbo yenyewe yanajua hatari ya namba ndogo, ndiyo maana kila jimbo limeweka idadi ya chini ya wanafunzi ambayo kundi lisipoifikia halihesabiwi katika kuzipima shule. Ila kinga hiyo nayo ina gharama yake. Katika shule ndogo, watoto wenye ulemavu au wanaojifunza Kiingereza huwa wachache mno, hivyo matokeo yao hayaonekani popote. Wakiachwa nyuma, hakuna jedwali litakalolia kwa niaba yao. Jambo hili linanisumbua kuliko grafu zote zinazoshuka.

Sasa fedha. Sehemu kubwa hutoka jimboni na kwenye kodi ya ardhi na majengo ya wenyeji. Serikali ya shirikisho kwa kawaida huchangia kama sehemu moja ya kumi hivi. Mgao wa jimbo hufuata vichwa: mtoto akihama, fedha yake inahama naye. Gharama hazihami. Chukulia basi linalozunguka kilomita 60 asubuhi na 60 jioni kuokota watoto kumi na wawili. Watatu wakihama, dereva analipwa vilevile, dizeli ni ileile, matairi yanalika vilevile. Na watatu hao hawatoki darasa moja ukasema basi, tupunguze mwalimu. Mmoja anatoka la pili, mwingine la sita, wa tatu yuko sekondari. Mwalimu pekee wa kemia atafundisha wanafunzi sita badala ya saba, kwa mshahara uleule. Hapo ndipo gharama kwa kila mwanafunzi inapopanda wakati shule inazidi kuwa maskini. Ukiisoma namba hiyo kama dalili ya ubadhirifu, umeisoma kinyume.

Kodi ya mali nayo inategemea kijiji kina mali gani. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika majaji watano kwa wanne. Wilaya ya Edgewood ilijitoza kodi kwa kiwango cha juu kuliko jirani yake tajiri, Alamo Heights, ikapata dola 26 kwa mwanafunzi. Jirani akapata dola 333. Mahakama ikasema Katiba ya shirikisho haikatazi hilo. Tangu hapo vita vikahamia zaidi mahakama za majimbo. Kentucky, wilaya 66, nyingi zikiwa za vijijini na maskini, zilishinda mwaka 1989, na mfumo mzima wa elimu wa jimbo ukatangazwa kuwa unakiuka katiba ya jimbo.

Zipo fedha za shirikisho zilizotengwa kwa wilaya ndogo za vijijini, hasa zenye mahudhurio ya wastani chini ya wanafunzi 600. Zinasaidia, lakini hazijengi paa. Paa hujengwa kwa mkopo wa hatifungani, ambao kwa kawaida wapiga kura lazima wauidhinishe, na pale wengi wao ni wazee wanaoishi kwa pensheni.

Kila nikieleza haya, kuna anayeuliza: kwa nini wilaya ndogo zisiunganishwe? Zimeshaunganishwa. Mwaka 1940 nchi ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000. Leo ni kama 13,000. Kuunganisha kunaokoa mshahara wa mkuu na wa mhasibu. Kisha unaongeza njia za basi, na mtoto wa miaka sita anaamka gizani. Panapokuwa na shule mbili zilizo jirani, nakubali. Penye kilomita 50 za barabara ya mlimani katikati, sikubali. Ningependa zaidi kanuni ya jimbo itambue umbali, na ihesabu vichwa kwa wastani wa miaka mitatu, ili familia moja ikiondoka isiondoke na mwalimu.

Tulimaliza jioni. Kwenye taarifa ya bodi tulifuta asilimia zote za darasa la nne, tukaandika wanne kati ya tisa, na chini yake matokeo ya miaka mitatu kwa pamoja: kumi na tano kati ya ishirini na saba. Gharama za basi tukazitoa kwenye jumla, tukazipa mstari wake. Mkuu akachukua kalamu, akaongeza pembeni idadi ya kilomita.