Mashine imefungiwa intaneti, antivairasi ya nini?

Jumatatu niliitwa tena. Ofisi moja hapa Amu (Lamu), mtaa sitautaja. Kompyuta mbili zimegoma, na kila foleda kwenye flashi imegeuka shotikati, ile alama ya njia ya mkato tu. Nikauliza antivairasi iko wapi. Mkuu wa ofisi, mama wa makamo, akanitazama kama niliyemuuliza punda wake ana leseni au hana. "Fundi mwanangu, mashine hizi tumezifungia intaneti. Zinafungua barua pepe na ule mfumo wa malipo, basi. Antivairasi ya nini?"

Tangu Ramadhani nimeacha kuhesabu nimeulizwa hivyo mara ngapi. Leo naandika, ili siku nyingine nitume linki nikanywe kahawa.

Kwanza, kufungiwa si kukatwa. Ukiruhusu barua pepe umeruhusu viambatisho, na hati ya Excel yenye makro mbovu (amri zinazojiendesha ndani ya hati) haina haja ya YouTube kufanya kazi yake. Kumzuia karani asitazame mpira ni nidhamu ya kazi. Usalama ni shughuli nyingine, ingawa zote mbili huwekwa kwenye raota ileile, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Pili, flashi. Hapa kwetu flashi husafiri kuliko wenyewe: ofisini, duka la kuchapisha, boti hadi Mokowe, kisha irudi. Nimeshaiona moja imefungwa kwenye ncha ya leso pamoja na nauli. Kirusi cha shotikati huzificha foleda zako za kweli na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, chenyewe kinaamka, kisha kinakufungulia foleda uliyoitaka ili usishuku chochote. Mafaili yako yapo, hayajafutwa. Tafadhali msiifomati! Amri ya attrib -h -r -s /s /d, ukiiandika kwenye dirisha la amri la Windows ukiwa ndani ya flashi, huyafichua, lakini safisha mashine kwanza, la sivyo yatafichwa tena kabla hujamaliza kushangilia.

Na wanaosema haya ni mambo ya ofisi ndogo: Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, ilifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, ambayo haikuunganishwa na intaneti kabisa. Jeshi la Marekani nalo lilipiga marufuku flashi mwaka 2008 baada ya kirusi kuingia kwenye kompyuta zake kwa njia hiyo. Tusiendelee.

Linalonikera hasa ni hili la tatu. Watu hudhani hatari yote inatoka nje. Mwenye kuijua Amu anajua wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Mlango wa chini umeutia komeo, lakini ghorofani watu wanapita nyumba hadi nyumba bila kuteremka. Swichi ya ofisi yako, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote kwa waya, ndiyo wikio. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, ilipoenea duniani, haikungoja mtu abofye kitu. Ilipita mashine hadi mashine kupitia ule mlango wa kushirikiana mafaili wa Windows. Apdeti ya kuuziba Microsoft ilikuwa imeitoa Machi 14, miezi miwili nyuma. Sasa niambie, mashine uliyoifungia intaneti ingeipata wapi apdeti hiyo, kama hakuna aliyeikumbuka? Laptopu moja tu kutoka nyumbani ikichomekwa kwenye waya wa ofisi, yatosha.

Na hapa ndipo pa kuchekesha. Kirusi kile, kabla ya kufunga mafaili, kiliuliza kwanza anwani moja ya ajabu kwenye intaneti. Ikijibu, kinaacha. Kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, akaisajili anwani ile, na mashine nyingi zikapona. Zipi hazikupona? Zisizoweza kuifikia: zilizokatwa intaneti, au zilizolazimishwa kupita kwenye proksi (mashine ya kati ya kutokea intaneti) ambayo kirusi hakikujua kuitumia. Kizuizi kikamzuia mwokozi.

Sasa nikiri yangu. Antivairasi isiyopata apdeti ni sanamu ya shamba, ndege wakishaizoea wanaitulia kichwani. Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, imo tayari ndani ya Windows 10, huhitaji kununua kitu, lakini orodha yenu ya tovuti zilizoruhusiwa ikisahau anwani za Microsoft, italala. Ziongezeni. Au pakua faili la apdeti kwenye mashine nyingine ulilete kwa flashi. Ndiyo, flashi. Najua.

Kuna mashine pia ambazo mimi mwenyewe nasitasita. Yenye RAM ya GB 2, ukiipakia antivairasi nzito hutambaa kama kobe, na karani ataizima siku ya pili. Sina jibu zuri kwa hiyo. Na nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja tu, nitachukua nakala ya akiba kwenye diski ya nje, inayochomolewa kazi ikiisha, kabla ya antivairasi yoyote. Kisha nitamnyang'anya karani akaunti ya msimamizi. Muuza antivairasi hatakwambia hayo.

Tena, mwaka juzi ofisi moja iliambukizwa na mtu aliyetembea na flashi ofisi saba kwa siku. Mtu huyo ni mimi.

Kwa hiyo Jumatatu, nilipotoa flashi yangu nianze kusafisha, yule mama akaniwekea mkono. "Na hiyo yako, mwanangu, imepimwa wapi?"

Nikairudisha mfukoni. Tukamwomba kijana wa mapokezi intaneti ya simu yake, nikapakua upya kila kitu, na saa mbili zikaenda.