Seli za Mafuta za Maabara na Vidonge vya Kunenepa: Maswali Mnayoniuliza

Swali: Seli ya mafuta ni nini?
Ni ghala. Ukila kuliko unavyotumia, ziada huwekwa humo na seli inavimba. Ukipungua uzito, inanywea.

Swali: Kwa nini wataalamu wanazikuza maabara?
Wazitumie kujaribia dawa za kutibu unene kabla mtu hajapewa. Miaka mingi walitegemea seli za panya, na panya si binadamu. Siku hizi huchukua pia mafuta yaliyotolewa kwenye upasuaji, mgonjwa akiridhia. Seli iliyokomaa haizaliani, tena huelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Kwa hiyo huchambuliwa zile changa, zikatunzwa kwenye joto la nyuzi 37, kisha zikachochewa kwa dawa maalumu. Baada ya wiki mbili hivi, ukichungulia kwenye hadubini unaona vitone vya mafuta vinang'aa ndani ya seli.

Swali: Zinachochewa kwa dawa gani?
Hapa soma polepole. Pamoja na insulini, hutumika deksamethasoni. Ndiyo, ileile mnayouziwa mtaani kama kidonge cha kunenepa na kuongeza hipsi. Hospitalini, kwa dozi na sababu yake, inaokoa maisha. Maabara huitumia kwa kuwa inaisukuma seli changa igeuke ghala la mafuta. Wewe unaimeza kila asubuhi kwa hiari yako.

Swali: Mbona rafiki yangu anayevimeza amependeza?
Hajapendeza, amevimba. Binti mmoja alikuja kituo chetu cha afya, akanifungulia kipande cha gazeti chenye vidonge vyeupe visivyo na jina. Uso umejaa duara, miguu imekonda, tumboni michirizi ya zambarau. Alikuja kutibiwa fangasi tu. Nikamtoboa kidole: sukari 19. Hakuwahi kuambiwa ana kisukari.

Swali: Na nikitumia kidogo tu, mpaka harusi ipite?
Hapana. Nusu kidonge, hapana. Kwa ajili ya harusi, hapana. Hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kushusha kinga.

Swali: Basi niache leo?
Kama umetumia wiki kadhaa, usiache ghafla. Narudia: usiache ghafla. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza homoni inayofanana na deksamethasoni, na kwa vidonge hivyo zimelala. Ukikata ghafla, presha inaweza kuanguka, ukatapika, ukazimia, hata ukafa. Njoo kituoni leo na vidonge vyenyewe mkononi, daktari akupunguzie dozi hatua kwa hatua.

Swali: Naona aibu kusema.
Najua. Ninapouliza, wengi hujibu "situmii dawa yoyote", halafu wanaletwa wamebebwa, na ndugu hawajui tuwaambie nini. Hutafokewa. Taja jina la dawa, na kama hulijui, tuonyeshe kidonge. Kama tayari unatapika, umelegea au unaona kizunguzungu, usingoje kliniki ya Jumatatu. Njoo usiku huohuo.