Domeini si tovuti, na wala hujainunua

"Tovuti nimeshanunua, wewe niwashie tu." Nimeambiwa hivyo tena juzi, na mteja alichokuwa nacho ni risiti ya domeini. Hana ukurasa hata mmoja wala nafasi kwenye seva. Ana jina.

Basi tuyatenganishe. Domeini ni jina. Tovuti ni mafaili: HTML (maandishi ya ukurasa na mpangilio wake), CSS (rangi na mwonekano), picha, pengine na hifadhidata. Seva ni kompyuta isiyolala inayoyatunza mafaili hayo, na hostingi ni kodi ya nafasi yako humo. Kinachounganisha jina na seva ni DNS, mfumo alioubuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Ukiandika example.com, kivinjari kinauliza kwanza DNS, kinapewa namba kama 192.0.2.10, ndipo kinaiendea seva yenye namba hiyo kuomba ukurasa. Namba ikikosewa, tovuti yako iwe nzuri namna gani, hakuna atakayeiona.

Na hilo neno "nimenunua" ndilo linalowaponza watu. Domeini hukodishwa. Ile ya .com unailipia mwaka 1 hadi 10 kwa mkupuo, na usipolipa inakatika. Ikishafutwa unabaki na siku 30 za kuikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha muda si mrefu yeyote anaweza kuisajili.

Mteja mmoja alinipigia usiku, sauti inatetemeka: "Mmenifutia tovuti!" Nikaingia kwenye seva. index.html, yaani ukurasa wa mwanzo, ipo, picha zipo, hifadhidata nzima. Domeini ndiyo iliyokuwa imeisha muda, wiki mbili nyuma, na barua pepe zake za kazi zilikatika nayo. Arifa zote za kulipia zilikuwa zikienda kwa fundi wa zamani aliyemsajilia, ambaye hawakuwa wakiwasiliana tena.

Ndiyo maana kila mteja namwambia, hata akichoka kunisikia: sajili domeini kwa jina lako mwenyewe, na barua pepe ya usajili isiwe ya domeini hiyohiyo. Ikikatika, arifa ya kukuokoa itatumwa kwenye sanduku lililokufa.

Makosa mengine ninayoyasikia hayanichukulii muda mrefu. JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za tovuti, si Java iliyopunguzwa; Java ni lugha nyingine kabisa. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari. Ikaitwa Mocha, kisha LiveScript, halafu ikapewa jina linalofanana na Java kwa sababu Java ndiyo iliyokuwa ikivuma. Ukiona kozi inazichanganya hizi mbili, tafuta nyingine.

HTML nayo si lugha ya programu. Haina masharti wala mizunguko. Inakiambia kivinjari hiki ni kichwa, hiki ni kiungo, hii ni aya. Kuanza nayo ni sahihi kabisa, ila usiishie hapo ukajiita mwanaprogramu.

Kuna na kile kifuli kwenye kivinjari. Kinamaanisha mawasiliano yako na seva yamesimbwa, yaani wa njiani hawezi kuyasoma, basi. Hakisemi mwenye tovuti ni mwaminifu, maana cheti chake hupatikana bure kwa dakika chache, na tapeli anakipata kama wewe. Kabla hujaandika nywila, lisome jina la domeini lote, herufi kwa herufi, hasa sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Hapo ndipo mwenye tovuti anapojulikana.